Kwa Nini Wilaya za Shule za Texas Zina Pesa za Zege na Hazina Pesa za Mwalimu

Agosti 2012 wilaya ya shule ya Allen, kaskazini mwa Dallas, ilifungua uwanja wa futiboli ya Kimarekani wenye viti 18,000. Gharama yake ilikuwa dola milioni 60. Si uwanja wa timu ya kulipwa wala wa chuo kikuu. Ni wa shule ya sekondari ya umma, na umejengwa kwa kodi za wakazi. Miaka kumi baadaye, Desemba 2022, bodi ya wilaya hiyo hiyo ilipiga kura kuzifunga shule mbili za msingi, Anderson na Rountree.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, hukumu inakuja haraka: hawa wanathamini mpira kuliko watoto. Nimewasikia wazazi wengi waliohamia Texas kutoka Nairobi, Arusha au Bukavu wakisema hivyo, na Wamarekani wenyewe husema hivyo kila bajeti inaposomwa. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inaacha sehemu kubwa ya jambo nje. Pesa iliyojenga uwanja ule isingeweza kumlipa mwalimu hata senti moja, hata kama wajumbe wote wa bodi wangetaka. Sheria ya Texas huzigawa pesa za shule katika mifuko miwili, na ukuta uliopo kati ya mifuko hiyo unaeleza sehemu kubwa ya mambo yanayomshangaza mzazi: majengo mapya, madarasa yaliyojaa, walimu wanaohama, shule zinazofungwa.

Serikali ndani ya serikali

Tuanze na wilaya ya shule yenyewe, maana jina linapotosha. Si idara ya halmashauri ya mji, wala si idara ya kaunti. Meya wa Allen hana mamlaka juu ya mwalimu mkuu hata mmoja. Wilaya ya shule ni serikali inayojitegemea, na Texas ina zaidi ya 1,000 za namna hiyo. Ina mipaka yake, kodi yake, madeni yake na mabasi yake ya njano, na nyingine zina hata polisi wao. Inaongozwa na bodi ya wadhamini, kwa kawaida watu saba, wanaochaguliwa kwa kura na wasiolipwa mshahara. Bodi humwajiri msimamizi mkuu, na yeye huendesha kazi za kila siku.

Mipaka ya wilaya haifuati mipaka ya mji. Kuna nyumba zilizo ndani ya mji wa Plano ambazo watoto wake ni wa wilaya ya Frisco, Allen au Lewisville, na kuna mitaa ya mji wa Dallas iliyo chini ya wilaya ya Plano. Ndiyo maana wenyeji wakitafuta nyumba huuliza wilaya ya shule kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Bei ya nyumba hupanda au kushuka kwa kufuata mstari huo ambao hauna hata kibao barabarani.

Ndani ya wilaya nako kuna mistari mingine. Anwani yako ndiyo inayoamua shule ya mtoto, na bodi huichora upya mistari hiyo kila shule mpya inapofunguliwa au ya zamani inapofungwa. Vikao vya kuchora mipaka huwa vikali kuliko vya bajeti. Naelewa kwa nini: watu wamelipia nyumba ghali ili wawe upande fulani wa mstari.

Bili moja, viwango viwili

Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Mzigo mkubwa wa huduma za karibu na mwananchi umewekwa kwenye kodi ya majengo, na kipande kinene zaidi cha bili hiyo huwa ni cha wilaya ya shule. Ukiisoma bili kwa makini utaona wilaya ina viwango viwili vya kodi vilivyojumlishwa pamoja. Kimoja ni cha uendeshaji: mishahara, umeme, mafuta ya mabasi, bima, karatasi. Cha pili ni cha kulipa madeni ya ujenzi.

Chukua nyumba iliyothaminiwa dola 450,000 na ofisi ya uthamini ya kaunti. Kama mwenye nyumba anaishi humo na amejaza fomu ya nafuu ya makazi, dola 140,000 za mwanzo hazitozwi kodi ya shule. Nafuu hiyo ilikuwa dola 40,000, ikapandishwa hadi 100,000 mwaka 2023, kisha 140,000 mwaka 2025. Zinabaki dola 310,000. Tuseme kiwango cha uendeshaji ni senti 75 kwa kila dola 100, na cha madeni ni senti 35. Mwenye nyumba huyo atalipa dola 2,325 kwenye mfuko wa kwanza na dola 1,085 kwenye mfuko wa pili. Hundi ni moja, lakini pesa zikifika wilayani huingia kwenye hesabu mbili, na kuchukua za mfuko wa madeni kwenda kulipa mishahara ni kosa la kisheria.

Mkenya hahitaji maelezo marefu hapa. Kwao mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, hujenga darasa, na mwalimu anaajiriwa na TSC, tume ya taifa ya walimu. Darasa likiisha kupakwa rangi na kuandikwa jina la mfuko ukutani, mwalimu anaweza asije kwa miaka, na mbunge aliyejenga hana uwezo wa kumleta. Texas imeuweka ukuta wa aina hiyo ndani ya bajeti ya taasisi moja.

Na anayepanga je? Wengi wetu tunaanza maisha ya Texas kwenye nyumba za kupanga na kudhani kodi hii haituhusu. Mwenye jengo la kupangisha hapati ile nafuu ya dola 140,000. Hulipa kwenye thamani yote, kisha huiingiza gharama hiyo kwenye pango la kila mwezi. Mpangaji analipa kodi ya shule bila kuiona bili.

Mfuko wa mwalimu

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Watu huamini kwamba thamani ya nyumba ikipanda, shule zinapata pesa zaidi. Kwenye mfuko wa uendeshaji si hivyo. Jimbo hukokotoa kiasi ambacho kila wilaya inastahili kupata, kwa kuanzia na fungu la msingi la kila mwanafunzi, kisha nyongeza kwa wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu, wanaotoka familia zenye kipato kidogo na kadhalika. Halafu linaangalia kodi ya uendeshaji inayokusanywa wilayani. Ikipungua, jimbo linajazia. Thamani za nyumba zikipanda, kodi inayokusanywa inaongezeka, na jimbo linapunguza mchango wake kwa kiasi hicho hicho. Wilaya inabaki pale ilipokuwa. Mwenye nyumba anaona bili imepanda, mwalimu anaona mshahara umesimama, na wote wawili wanaitazama bodi kwa hasira, ilhali nafuu imekwenda kwenye bajeti ya jimbo, huko Austin, mji mkuu wake.

Kodi hiyo ikizidi kile wilaya inachostahili, ziada inachukuliwa. Wenyeji huita utaratibu huu Robin Hood, kwa jina la mwizi wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri na kuwapa maskini, na una historia ya uchungu ambayo haifai kurukwa. Mwaka 1968 wanafunzi na wazazi wa Edgewood, wilaya maskini ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko San Antonio, waliandamana kulalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu. Mzazi mmoja, Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati na askari mstaafu, akawa jina la kwanza kwenye kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wakazi wa Edgewood walijitoza kiwango cha juu cha kodi na bado walipata pesa kidogo sana kwa kila mtoto, kwa sababu nyumba zao hazikuwa na thamani, wakati wilaya tajiri ya mji huo huo ilijitoza kidogo na kupata nyingi. Mwaka 1973 walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Mahakama ilisema elimu si haki iliyotajwa na katiba ya shirikisho. Jaji Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa wanne waliopinga.

Walirudi kwa mlango mwingine. Katiba ya Texas ya 1876 inalitaka bunge la jimbo liweke mfumo wenye ufanisi wa shule za umma zisizolipiwa. Kesi ya Edgewood ilifunguliwa upya kwenye mahakama za jimbo mwaka 1984, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema kwa kauli moja kwamba mfumo uliokuwepo umevunja katiba hiyo. Baada ya majaribio yaliyokwama, sheria ya 1993 ilileta Robin Hood: wilaya yenye utajiri wa mali kupita kiwango hutoa sehemu ya kodi yake ya uendeshaji ili isaidie mfumo mzima. Plano, jirani wa Allen, imewahi kutoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka mmoja.

Mimi naona wazo la Edgewood lilikuwa la haki na bado ni la haki. Mtoto hachagui thamani ya nyumba ya jirani yake. Tatizo limekuja pale jimbo lilipoanza kuitumia kodi ya wilaya kama njia ya kupunguza mchango wake lenyewe, huku fungu la msingi likiachwa bila kuguswa. Fungu hilo liliwekwa dola 6,160 kwa mwanafunzi mwaka 2019. Likakaa hapo hapo miaka sita, kipindi ambacho gharama za maisha Marekani zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2025 liliongezwa dola 55, ambayo haifiki hata asilimia moja. Ni kweli sheria hiyo ya 2025 iliweka pia fungu la pekee la kupandisha mishahara ya walimu, na mwalimu mwenye uzoefu ameliona kwenye hundi yake. Umeme, bima na mafuta ya mabasi nayo yalipewa fungu lao, lakini ni dola 106 tu kwa mwanafunzi. Na pesa za dharura za shirikisho zilizokuja wakati wa UVIKO-19, ambazo wilaya nyingi zilizitumia kuziba mapengo, ziliisha muda wake Septemba 2024.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wageni hawaambiwi mapema. Texas hailipi kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Hulipa kwa wastani wa wanaohudhuria. Shule yenye watoto 600 walioandikishwa na wastani wa 555 kila siku hupewa pesa za watoto 555, ingawa walimu ni wale wale na taa ni zile zile. Kila shule ina muda wake maalumu wa kuhesabu mahudhurio. Mtoto anayefika baada ya hesabu hiyo anaweza kusoma siku nzima na bado, kwa macho ya jimbo, hakuwepo. Ndiyo maana ofisi ya shule hupiga simu bila kuchoka. Wanaomtaka mtoto darasani wapo, na wanaotazama mapato wapo. Mara nyingi ni watu hao hao.

Mfuko wa zege

Mfuko wa pili una tabia tofauti kabisa. Wilaya huamua inataka kujenga nini, inawaomba wapiga kura ruhusa ya kukopa kwa kuuza hati fungani, na deni hulipwa kwa miaka 20 au 30 kutoka kwenye kile kiwango cha pili cha kodi. Robin Hood haugusi mfuko huu. Dola inayokusanywa Allen kwa ajili ya deni inabaki Allen yote.

Mkopo wenyewe ni nafuu. Texas ina Mfuko wa Kudumu wa Shule, ulioanzishwa mwaka 1854 kwa dola milioni 2 na kukuzwa na mapato ya ardhi na mafuta hadi kupita dola bilioni 50. Mfuko huo huzidhamini hati fungani za wilaya. Mnunuzi wa hati anajua kwamba wilaya ikishindwa, mfuko utalipa, basi anakubali riba ndogo. Breki zipo: hati zote lazima zipitie kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na wilaya lazima ionyeshe kwamba inaweza kulipa madeni yake bila kuvuka senti 50 kwa kila dola 100 za thamani. Katika kitongoji kinachokua, ambako nyumba mpya zinaongezeka kila mwezi, breki hiyo haikamati haraka. Thamani zikipanda, wilaya inaweza kukopa zaidi bila kuongeza kiwango cha kodi, na kuwaambia wapiga kura kwa ukweli kamili kwamba kiwango hakitabadilika. Bili yao inapanda hata hivyo, kwa sababu thamani ya nyumba imepanda.

Weka mifuko hii miwili mbele ya bodi yenye akili timamu na nia njema. Wa kwanza umefungwa na fomula ya Austin. Hata ikiomba kura ya kuongeza kiwango cha uendeshaji, inaruhusiwa senti chache tu. Wa pili uko wazi, unabaki nyumbani, na unakopesheka kwa riba ndogo. Bodi hiyo itajenga. Sioni ufisadi hapo. Naona watu wanaokwenda mahali ambapo sheria imewafungulia mlango.

Isidhaniwe kwamba hati fungani ni viwanja vya mpira tu. Sehemu kubwa ya pesa hizi huenda kwenye vitu ambavyo hakuna gazeti litaviandika: mapaa, mitambo ya kupooza hewa, mabomba, mabasi, kompyuta, milango yenye kufuli za usalama, shule za msingi mpya. Katika majira ya joto ya Texas, mtambo wa hewa ukiharibika shule haifundishiki. Hata hati fungani ya Allen ya 2009, ya takriban dola milioni 119, ilikuwa na ukumbi wa sanaa na kituo cha mabasi pamoja na uwanja.

Lakini viwanja vilikuja vikifuatana, na kuna somo katika namna vilivyopitishwa. Katy, magharibi mwa Houston, ni wilaya ya zaidi ya wanafunzi 90,000 kwenye nchi tambarare iliyokuwa mashamba ya mpunga. Mwaka 2013 ilipeleka kwa wapiga kura ombi la dola milioni 99, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya uwanja. Wakalikataa. Mwaka uliofuata uwanja ulirudi ndani ya ombi kubwa zaidi, dola milioni 748, ukiwa umezungukwa na shule mpya ambazo kila mtu alijua zinahitajika. Likapita. Uwanja wa Legacy ulifunguliwa Agosti 2017 ukiwa na viti 12,000 na gharama iliyofika dola milioni 70 pamoja na miundombinu yake. McKinney, inayopakana na Allen, ilipitisha hati fungani ya dola milioni 220 mwaka 2016 yenye uwanja ndani yake, nao ukafunguliwa 2018.

Mzazi wa Katy aliyetaka shule na hakutaka uwanja hakuwa na kisanduku cha kuweka alama. Hili naliona ndilo kosa halisi la miaka ile, kubwa kuliko uwanja wowote. Bunge la Texas lilirekebisha mwaka 2019. Sasa uwanja wenye viti zaidi ya 1,000, bwawa la kuogelea, ukumbi wa sanaa, nyumba za walimu na vifaa vya teknolojia lazima kila kimoja kiwe na hoja yake kwenye karatasi ya kura. Mwaka huo huo liliagiza pia kila hoja ya hati fungani iandikwe kwa herufi kubwa kwamba hii ni nyongeza ya kodi ya majengo, hata pale kiwango kisipoongezeka. Agizo la kwanza ni zuri. La pili silipendi, kwa sababu linamtisha mpiga kura badala ya kumweleza, na sentensi hiyo hiyo huwekwa juu ya uwanja na juu ya shule ya chekechea.

Turudi Allen. Uwanja ule ulipasuka. Februari 2014, kabla hata haujafikisha miaka miwili, ulifungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege, na timu ikacheza msimu mzima kwenye viwanja vya wengine. Timu hiyo, iliyoongozwa uwanjani na mchezaji wake Kyler Murray, ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka huo pia, wa tatu mfululizo. Uwanja ulifunguliwa tena 2015.

Ubingwa wa mwaka ule, uliopatikana bila uwanja, unaniambia mengi. Lakini kuna upande wa pili, na mtu asiyewahi kukaa kwenye jukwaa la Allen Ijumaa usiku anaweza kuudharau. Allen ina sekondari ya juu moja tu, kwa makusudi, ili mji mzima uwe na timu moja. Bendi yake ina mamia ya wanafunzi. Kwa kitongoji kilichokua kutoka watu 18,000 mwaka 1990 hadi zaidi ya 100,000 mwaka 2020, ambako hakuna aliyezaliwa na jirani yake, ule ndio mkutano pekee wa mji. Walioupigia kura hawakudanganywa. Uwanja ulikuwa umetajwa wazi. Mimi nisingeupigia kura kwa bei ile, lakini siwezi kusema waliupata kwa hila.

Wimbi linapopita

Jambo ambalo hati fungani haiwezi kulizuia ni umri wa kitongoji. Ukitoka Dallas kwenda kaskazini kwa barabara kuu ya 75 unapita Richardson, Plano, Allen, kisha McKinney, na ni kama unasafiri kuelekea nyumba changa zaidi. Plano ilikuwa na watu wasiofika 4,000 mwaka 1960. Mwaka 1990 walikuwa 128,000. Familia changa zilinunua nyumba mpya, wilaya ikajenga shule mbiombio, na pale ujenzi uliposhindwa kuwafikia watoto, madarasa ya muda ya kuhamishika yalipangwa nyuma ya shule.

Kisha watoto wale walikua na kuondoka, na wazazi wakabaki. Hawana haraka ya kuuza: nyumba imeshalipiwa, na mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 kodi yake ya shule huwekewa kikomo. Nyumba chache zinazoingia sokoni zina bei ambayo familia yenye watoto wadogo haiimudu, kwa hiyo familia hiyo inasonga mbele kilomita 20 au 30 ambako wilaya nyingine inamwaga misingi mipya. Wilaya ya Plano, iliyowahi kuwa na wanafunzi karibu 55,000, imeshuka chini ya 48,000. Juni 2024 bodi yake iliamua kufunga shule nne: Davis, Forman, Armstrong na Carpenter.

Hapa ndipo ule ukuta unapouma. Shule yenye nafasi ya watoto 700 na watoto 350 inahitaji mwalimu mkuu mmoja, muuguzi, mkutubi, wapishi na umeme karibu sawa na iliyojaa. Gharama hizo zote ni za mfuko wa kwanza, ambao unalipwa kwa mahudhurio. Mapato yamekatika nusu, matumizi hayajakatika. Mfuko wa pili unaweza kulibadilishia jengo hilo paa jipya kabisa, ila hauwezi kumlipa muuguzi wake. Kwa hiyo unaona kitu kinachoonekana kama wazimu: wilaya inafunga shule iliyokarabatiwa vizuri mwaka huo huo inaojenga kitu kingine. Kifedha hakuna mgongano. Kwa mtoto aliyezoea kwenda shule kwa miguu, na kwa mama asiye na gari la pili, upo, tena mkubwa. Jimbo hulipia basi kwa wanaoishi umbali wa maili mbili au zaidi. Walio karibu zaidi ya hapo hutegemea uamuzi wa wilaya.

Sisi tuko wapi katika hesabu hii

Familia zinazozungumza Kiswahili ziko Dallas, Fort Worth, Houston, Amarillo na vitongoji vyake: Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo na kazi, Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi. Shule za umma zinawahesabu watoto wetu wote. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1982, uitwao Plyler, uliotokana na kesi ya wilaya ya shule ya Tyler huko huko Texas, unakataza kumnyima mtoto elimu ya umma kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento inamlinda pia mtoto ambaye familia yake imepoteza makazi na kuhifadhiwa na ndugu kwenye nyumba moja: aandikishwe mara moja hata kama makaratasi hayajakamilika, na aruhusiwe kubaki kwenye shule yake ya awali. Wengi wanaoishi hivyo hawajui kwamba sheria inawatambua, kwa sababu hawajioni kuwa watu wasio na makazi.

Aliyepata uraia ana kura. Chaguzi za hati fungani hufanyika Mei au Novemba, na zile za Mei watu wanaojitokeza ni wachache mno, kiasi kwamba mamia ya kura huweza kuamua mamilioni ya dola. Asiye na kura bado ana sauti, maana mikutano ya bodi iko wazi na kuna muda wa wananchi kuzungumza.

Atakayekwenda kwenye mkutano wa hati fungani atakuta michoro ya kupendeza na maswali ya kawaida: kodi itapanda kwa kiasi gani, jengo litaisha lini. Mimi ningeuliza swali jingine. Jengo hili likifunguliwa litahitaji wafanyakazi wangapi na umeme wa kiasi gani kwa mwaka, na pesa hizo zitatolewa wapi kwenye mfuko wa uendeshaji? Bodi iliyojiandaa ina jibu lenye tarakimu. Na anayetaka mwalimu alipwe vizuri, mkutano wa kumkuta anayeamua si huu wa michoro. Bunge la Texas hukaa Austin kila mwaka wa namba witiri, kwa siku 140 kuanzia Januari, na kamati zake za elimu husikiliza ushahidi wa mwananchi yeyote aliyejiandikisha kuzungumza. Mwenye swali la bajeti ya wilaya yake asisubiri hadi huko: wilaya nyingi huanza mwaka wao wa fedha Julai au Septemba, na kabla ya hapo sheria inazilazimisha kuitisha mkutano wa hadhara kuhusu bajeti na kiwango cha kodi.